Bahari Juu ya Kitanda cha Jirani

Mume wangu alikulia Mombasa. Baba yake alifanya kazi bandarini, na yeye mwenyewe, kabla ya kuja Kisumu, alikuwa fundi wa pampu katika hoteli moja ya watalii iliyokuwa na tangi kubwa la samaki pale wageni wanapopokelewa. Kijaluo chake kilikuwa cha kubahatisha, ndiyo maana nyumbani tulizungumza Kiswahili, na ndugu zangu walimcheka kwa hilo kila tulipokwenda kwetu. Tulipooana alipata kazi katika kiwanda kimoja mjini Kisumu. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Tulipanga nyumba ghorofani, katika jengo la zamani la orofa moja, na huko tukapata binti yetu.

Miaka ya tisini ilipoanza, mume wangu aliingiwa na ukimya. Jumapili alikuwa anatembea hadi ufukweni, anasimama huko, kisha anarudi na viatu vyenye matope.

"Ziwa halinuki," aliniambia siku moja, kama mtu anayelalamikia mboga iliyokosa chumvi.

Mimi ni mtu wa upande wa Bondo. Nilizaliwa mahali ambapo ukifungua mlango asubuhi unaliona ziwa, na tangu utotoni naliogopa. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alitoka kwenda kutazama nyavu zake, akarudishwa kesho yake akiwa amefunikwa turubai, na mimi nilikuwa nimesimama pale pale walipomshusha. Baada ya hapo, nikitumwa maji, nilikuwa nasimama mahali ambapo yanafika kwenye vifundo vya miguu tu, nachota kwa kikombe hadi mtungi ujae. Kuogelea sijui mpaka leo.

Kwa hiyo mume wangu aliponiambia, tukiwa tunakunywa chai, "Mama, nataka niweke bahari hapa sebuleni," nilicheka kwanza. Halafu nikamwangalia usoni, nikaacha kucheka.

Alianza na meza ya chuma. Aliichomelesha kwa mafundi wa soko la Kibuye, vyuma vizito vya pembe, akaipaka rangi nyeusi mara kadhaa ili chumvi isiile. Kisha vikaja vioo, vinene kuliko kidole gumba changu, vimebebwa na wanaume waliopanda ngazi kwa hatua fupi fupi wakiambiana "pole, pole". Aliviunganisha mwenyewe kwa gundi ya silikoni, akafungua madirisha yote, na kwa muda wa kama wiki nyumba ilinuka siki. Tangi lilipomalizika lilikuwa refu kunizidi mimi nikilala. Lilikaa kwenye ukuta wa mbali na mlango, na upande wa pili wa ukuta huo ndipo binti yetu alipokuwa analala.

Kabla ya maji ya bahari alitaka kulijaribu kwa maji ya mfereji. Alivuta mpira kutoka bafuni. Maji yakapanda taratibu, na yalipopita nusu, kioo kikatoa sauti. Sauti ndogo, kama mtu aliyepiga ulimi kwenye kaakaa.

"Ni nini hiyo?" nikauliza.

"Kinakaa vizuri tu. Uzito umekifikia."

"Uzito gani?"

"Likijaa, ni kama gari dogo," akasema, na akatabasamu kwa fahari.

Gari dogo, ghorofani. Siku hiyo hiyo nilikivuta kitanda cha mtoto nikakipeleka chumbani kwetu. Alinitazama nikikivuta, akanisaidia kukipitisha mlangoni.

Chini yetu aliishi mama mmoja wa Kihindi, mjane, aliyekuwa katika jengo hilo tangu hatujazaliwa. Mwanawe alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi na kila siku mchana alimletea chakula kwa pikapu. Mama huyo aliniita beti, yaani binti, na binti yangu akamzoea akawa anamwita nyanya. Pampu zilipoanza kufanya kazi, alipanda ngazi akishika ukuta, akabisha hodi.

"Beti, juu hapa nini inalia?"

Nilimwingiza. Alisimama mbele ya tangi muda mrefu. Wakati huo halikuwa na samaki, ni maji ya mfereji tu. Kisha akatazama sakafu, akahesabu vyumba kwa macho, na nikajua anachotafuta kabla hajasema.

"Kitanda yangu iko chini ya hii."

"Ndiyo, Mama."

"Itaanguka?"

"Mume wangu anasema haiwezi. Anasema kuna boriti ya saruji chini yake."

"Wewe unasema nini?"

Niliinama nikafuta maji sakafuni. Aliniangalia, akanishika mkono kidogo, akashuka. Kesho yake nilimsikia mwanawe akiburuta kitanda cha mama yake hadi chumba kingine. Hakulitaja jambo hilo tena, na hilo liliniogopesha kuliko kama angekuja na makelele. Mtu mzima, mwenye kuijua nyumba ile, alikuwa amekubaliana na hofu yangu.

Maji ya bahari yaliletwa na rafiki wa zamani wa mume wangu, dereva wa lori aliyekuwa anapeleka mizigo kutoka Mombasa mpaka mpakani mwa Uganda. Alileta mapipa ya plastiki yaliyofungwa vizuri, na magunia ya mchanga mweupe na mawe ya matumbawe yaliyokuwa bado na unyevu. Watu walisimama barabarani kutazama mapipa yakishushwa. Mwanamke aliyeuza sukuma wiki pembeni mwa lango aliuliza ni dawa gani hiyo. Mume wangu akamwambia ni maji. Tokea hapo, nikinunua mboga kwake, alikuwa ananiwekea chenji juu ya meza, haniwekei mkononi.

Mama yangu alikuja kututembelea wiki hizo. Alikuwa amezoea kulala sebuleni kwenye godoro, lakini alipoyaona yale maji alisimama mlangoni na kikapu chake mkononi.

"Nyara," akaniambia, maana yake binti yangu, "hayo maji yametoka wapi?"

"Mombasa, Mama."

"Mombasa mahali gani? Umeuliza? Umeuliza kama kuna mtu alizama hapo?"

Nilimwambia bahari ni kubwa. Akasema hilo ndilo analosema yeye. Alilala jikoni siku mbili, akarudi Bondo mapema kuliko alivyopanga. Nami nilibaki na swali lake. Nilikuwa nikipita sebuleni kwenda kuwasha jiko asubuhi, napita nikiwa nimeugeuzia uso ukuta mwingine, nikimfikiria mjomba wangu chini ya turubai.

Samaki mume wangu alikwenda kuwachukua mwenyewe Mombasa. Alirudi kwa treni na masanduku meupe ya kuwekea barafu, ndani mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa ikawa migumu kama mipira. Hakuwa amelala. Aliilaza mifuko juu ya maji, akasubiri joto lilingane, akawafungulia mmoja mmoja, huku binti yetu akiwa amesimama juu ya kiti akipiga makofi bila sauti kwa sababu baba yake alimkataza kuwashtua. Siwezi kudanganya, walikuwa wazuri. Walikuwepo wadogo wa rangi ya chungwa wenye mishipi myeupe, na wa bluu waliotembea kwa kundi. Na alikuwepo mmoja wa peke yake, mwekundu mwekundu wa milia, mwenye mapezi yaliyofunguka kama manyoya ya jogoo aliyekasirika. Jina lake la pwani mume wangu alinitajia, nimelisahau.

"Huyu ana sumu kwenye miiba ya mgongo," alisema. "Hakuui, lakini utalia kama mtoto. Usiweke mkono humo hata siku moja."

"Nani amekwambia nataka kuweka mkono?"

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Mume wangu alipona ukimya wake. Alikuwa anarudi kazini anaimba ngazini, anakaa kwenye kigoda mbele ya tangi, binti yetu kati ya magoti yake. Mimi nilikuwa nasahihisha madaftari mezani nikiwa nimelipa tangi ubavu, masikio yangu yakiwa kwenye kioo. Lori zito likipita barabarani, maji yalitetemeka juu, nami nikashika kalamu kwa nguvu. Stima ilikuwa ikipotea mara kwa mara, na pampu zikizimika samaki hukosa hewa, kwa hiyo alikuwa anachukua jagi, anachota maji na kuyamimina kutoka juu, anachota na kumimina, mpaka stima irudi. Nilijifunza kwa kumtazama, bila kutaka.

Kitu kilichonitisha zaidi ya vyote ni chumvi. Ilitoka ndani ya tangi ikatembea. Ilipanda kwenye nyaya, ikafanya ukoko mweupe kwenye soketi na kwenye fremu ya bati iliyoshika taa ya tyubu juu ya maji. Nilikuwa naifuta, siku chache baadaye imerudi. Nilimwonyesha.

"Nitaibadilisha hiyo taa," alisema. "Na wewe sikiliza. Ukinikuta nimeshikwa na stima, usiniguse. Zima swichi kuu kwanza. Usiniguse."

"Kwa nini uniambie maneno kama hayo?"

"Ili uyajue."

Ilikuwa Jumapili, msimu wa mvua za masika. Tulitoka kanisani, mimi na binti yangu tukapitia Kibuye kumtafutia sweta ya shule, mume wangu akatangulia nyumbani. Alisema anataka kusugua mwani kwenye kioo. Mvua ilitukuta njiani. Tulipanda ngazi tumelowa, mwavuli ukichuruzika, na kabla sijafika mlangoni nilisikia redio ikihubiri.

Nilifungua. Alikuwa amepanda juu ya kigoda, kifua kimeegemea meza ya chuma, mkono wa kushoto umezama majini mpaka kwenye kiwiko, na wa kulia umeshika fremu ya taa. Nilidhani anatafuta kitu kilichoanguka mchangani.

"Baba," nikamwita.

Hakugeuka. Ndipo nikaona shingo yake. Mishipa ilikuwa imesimama, na mwili mzima ulikuwa unatetemeka, mtetemo mdogo wa haraka kama gari linalopita barabara ya kokoto. Kutoka kooni kwake ilikuwa inatoka sauti moja isiyokatika.

Mtoto alikuwa ananipita kwenda kwa baba yake. Nilimdaka kwa gauni, nikamtupa nje, sina neno lingine, nikamtupa. "Nenda kwa nyanya chini. Sasa hivi."

Swichi kuu ilikuwa juu ya mlango, ya zamani, sanduku la chuma lenye mkono wa kushusha ubavuni. Aliyekuwa akiifikia ni yeye. Mimi ni mfupi. Niliruka sikuifikia. Nikaangalia kiti, viti vyote vilikuwa upande wa tangi, na sakafu ya upande huo ilikuwa inang'aa maji. Nakumbuka nilitazama maji yale yakinijia taratibu juu ya saruji nikafikiri kwamba nitasimama hapa hapa nimtazame akifa, kwa sababu naogopa.

Mwavuli ulikuwa bado mkononi. Kishikio chake kilikuwa cha mti, kimepinda. Nilivua leso kichwani nikaizungusha kwenye chuma cha mwavuli, nikaushika hapo kishikio kikiwa juu, nikainua, nikanasa ule mkono wa swichi, nikavuta. Haukushuka. Nikaning'inia kwa uzito wangu wote. Ukashuka.

Redio ikakatika katikati ya neno. Mume wangu akaanguka chali, kigoda kikaenda upande wake, na fremu ya taa ikamfuata nusu, ikarudi, ikatumbukia majini.

Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Niliweka sikio kifuani, sikusikia kitu ila mvua kwenye mabati. Nilimpiga kifuani kwa kiganja, si kwa ufundi wowote, nilimpiga kama mtu anayegonga mlango. Nikasikia akivuta pumzi, ndefu, yenye mkwaruzo. Mama wa chini alikuwa ameshafika mlangoni, mtoto kambeba ubavuni ingawa alikuwa mzito kwake. Aliangalia, akageuka, akamwita mwanawe kwa sauti ambayo sikujua anayo. Mwanawe alikuwa bado anakula. Alimbeba mume wangu begani akashuka naye, tukampakia kwenye pikapu juu ya mifuko mitupu ya saruji, nami nikakaa nyuma nimemshikia kichwa, mvua ikitunyeshea.

Hospitalini walimchukua wakafunga mlango. Nilikaa kwenye benchi na viatu vyangu vya kanisani vikitoa maji. Waliponiruhusu kuingia, mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji yote, na daktari akasema moyo umetulia ila vidole vimeungua hadi ndani. Mume wangu alifungua macho. Alinitazama kana kwamba ananikumbuka kutoka mbali.

"Hewa," akasema.

Nikaita muuguzi. Nilidhani hawezi kupumua.

"Si mimi," akasema. "Samaki."

Hasira iliyonipanda sijawahi kuipata tena. Nilitaka kumwambia wafe, wafe wote, na nikuone mzima. Lakini alikuwa ameshafunga macho, na kwenye kona za macho hayo machozi yalikuwa yanaingia masikioni. Nikachukua mkoba wangu nikarudi nyumbani.

Nyumba ilikuwa na mwanga wa mawingu tu. Niliitazama swichi kuu, imeshuka. Nikatoka, nikarudi, nikaitazama tena. Niliigusa soketi kwa mwiko. Kisha nikavuta waya wa ile taa kwa mwiko huo huo mpaka fremu ikatoka majini, nikaiburuta hadi barazani kama mtu aburutaye nyoka aliyekufa.

Samaki walikuwa juu, midomo imegusa uso wa maji, wanafungua na kufunga. Wadogo wawili wa chungwa walikuwa tayari wamelala mchangani. Yule mwenye mapezi ya jogoo alikuwa karibu kabisa na kona ambapo mume wangu alikuwa akichotea, mapezi yamefunguka.

Nilishika jagi. Mkono wangu ulikataa. Nasema ulikataa kwa sababu niliuamuru na haukwenda. Nilisimama juu ya kigoda kile kile, nikaona maji meusi meusi chini yangu, nikamsikia mama akiuliza kama kuna mtu alizama hapo. Nikafumba macho nikachota. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Hilo sikulitegemea. Nikayamimina kutoka juu, yakatoa povu, nikachota tena.

Sijui nilikuwa nimemimina kwa muda gani mama wa chini alipoingia na chombo chake cha shaba cha kutekea maji ya kuoga. Alivuta kiti upande wa pili wa tangi, akakunja sari yake, akaanza kuchota.

"Mama, kuna mmoja ana sumu."

"Mimi naona yeye," akasema. "Yeye naona mimi."

Tulichota hivyo, yeye upande wake, mimi upande wangu. Mkono ukichoka tunabadilisha. Binti yangu alikaa barazani akitutazama kupitia mlangoni, nilimkataza kukanyaga ndani. Wakati fulani yule wa miiba aliogelea hadi chini ya jagi langu, akakaa pale, na nikasubiri, jagi hewani, mpaka akaamua kuondoka. Mama wa chini naye alisubiri. Magharibi ilipoingia mwanawe alirudi na fundi wa stima, wakakata nyaya zote za zamani, wakafunga soketi mpya mbali na maji, wakarudisha pampu moja tu. Iliponguruma nilitoka barazani nikatapika.

Mume wangu alirudi nyumbani baada ya vidonda kuanza kufunga. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikukunjika tena. Alikwenda moja kwa moja mbele ya tangi, akakaa, akainua mkono wa kushoto kuelekea maji. Kabla haujafika, akaushusha. Alijaribu siku nyingine, na nyingine. Mwishowe akaniambia, akitazama sakafu, "Siwezi, Mama."

Basi nikawa mimi. Kwa zaidi ya mwaka mimi ndiye niliyesugua kioo, niliyebadilisha maji, niliyewalisha. Kila mara nilishusha swichi kuu kwanza, nikijipandisha kwenye stuli niliyoinunua kwa kazi hiyo, na nyumba nzima inakaa bila stima mpaka nimalize. Watu hunieleza kwamba ukifanya jambo mara nyingi hofu huisha. Yangu haikuisha. Niliingiza mkono mle nikiwa naogopa kama siku ya kwanza, nikautoa, nikaufuta, nikaendelea na kupika.

Tangi liliondoka kwetu kwa sababu ya kawaida tu. Mama wa chini alihamia Nairobi kwa binti yake, na mwenye nyumba akaja kukagua vyumba alivyoviacha kabla ya kupangisha upya. Alitazama dari muda mrefu, akapanda kwetu, akasema kitu kile kitoke. Mume wangu hakubishana. Rafiki yake wa lori alipopita akirudi pwani, tuliwatia samaki waliobaki kwenye mapipa, pampu ndogo ya betri kila pipa. Mimi ndiye niliyewakamata kwa wavu. Yule wa miiba alikuwa wa mwisho, na mume wangu alisimama nyuma yangu akiniambia, "Pole pole. Mwache aingie mwenyewe."

Lori lilipoondoka hatukutaka kurudi juu. Tulimchukua binti yetu tukashuka hadi ufukweni, kwenye vibanda wanavyokaanga samaki, tukaagiza ngege mmoja mkubwa na ugali. Nilikaa upande usiotazama maji. Mume wangu alikula kwa mkono wa kushoto, na mama aliyetuletea sahani alimtazama vibaya kidogo, kwa kuwa hakujua. Samaki alikuwa na miiba mingi. Nikaivuta sahani ya mume wangu kwangu, nikaanza kumtolea miiba.